MSHAHARA USIGEUZWE PAGALE

Mtu anayeingia Bariadi kwa barabara ya lami itokayo Lamadi huanza kuona kuta kabla hajafika katikati ya mji. Nyingine ni za matofali ya kuchoma, nyingine za saruji. Baadhi zimefika usawa wa madirisha, baadhi zimekwisha kufungwa linta, na juu hakuna bati hata moja. Ndani yameota mapapai na mibarika, na mbuzi wa majirani hupumzika humo jua linapokuwa kali. Wenyeji wameyazoea mapagale haya hata hawayaoni tena. Ukiwauliza ni mali ya nani, majibu hayapishani sana: hili la mwalimu fulani, lile la bwana afya, na lile pale la mama mmoja wa halmashauri aliyehamishiwa Meatu miaka minne iliyopita.

Hiyo ndiyo akiba ya watumishi wengi wa umma katika mkoa huu. Kila ukuta pale ni mshahara uliokopewa kabla haujafanyiwa kazi, na makato yake yanaendelea kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe au jua liwake, ilhali ukuta wenyewe unamomonyoka. Mwenye pagale anaishi katika chumba cha kupanga. Anamlipa mwenye nyumba kodi ya pango, anailipa benki deni la nyumba isiyolaza mtu, na wenzake wakimuuliza katika chumba cha walimu hujibu kwa fahari kwamba yeye anajenga nyumba za kupangisha.

Makala haya yanakusudia kuipinga fahari hiyo. Hayampingi mtumishi kuwa na nyumba, wala hayampingi kuipangisha. Yanapinga tabia ya kuanza ujenzi bila hesabu, kununua bila kuuliza, kugeuza nyumba bila kumfikiria atakayelala ndani yake, kisha kumtwisha mpangaji gharama ya ujinga wetu.

Wapo wazee waliostaafu ambao, wakiyaona mapagale haya, husema kwamba kosa lilianza siku miiko ya uongozi ilipolegezwa. Tuwasikilize, maana hawasemi ovyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na waliohesabiwa kuwa viongozi hawakuwa mawaziri na wabunge peke yao. Walikuwamo pia watumishi wa Serikali wa vyeo vya juu na vya kati. Azimio halikuacha hata mlango wa uani, kwa kuwa lilimhesabu kiongozi pamoja na mkewe, au mwanamke kiongozi pamoja na mumewe. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, Serikali iliyatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, na ofisi ya Msajili wa Majumba ikaundwa ili kuyasimamia. Hoja ya wakati ule ilikuwa rahisi kueleweka: anayeishi kwa jasho la mpangaji atawezaje kumtumikia mpangaji huyo huyo kwa haki anapofika ofisini?

Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwezi Februari 1991, na tangu hapo mtumishi ameruhusiwa kununua, kujenga na kupangisha. Mwandishi wa makala haya haombi yarudishwe. Mtumishi anayestaafu bila nyumba ni mzigo kwa watoto wake, na mji usio na vyumba vya kupanga humfukuza mwalimu mpya kabla hajaandika tarehe ubaoni. Lakini waliopewa ruhusa hawakufundishwa namna ya kuitumia. Lile neno la kale, kabaila, tulilitupa, na pamoja nalo tukatupa swali lililokuwa ndani yake, yaani: katika nyumba hii ya kupangisha, ni nani anayefaidika na ni nani anayeumia? Katika Bariadi ya leo mara nyingi jibu ni la kusikitisha. Mpangaji anaumia, na mwenye nyumba naye anaumia.

Tuitazame hali ya mkoa. Simiyu ulizaliwa Machi 2012 kwa kuumega mkoa wa Shinyanga, na Busega ikachukuliwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Bariadi, mji wa minada ya ng'ombe na msimu wa pamba, ukawa makao makuu ya mkoa. Zikaja ofisi, zikaja idara, na huko Nyaumata ikajengwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu milioni 1.6 katika mkoa mzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Watu wa ofisi na wa shule walioletwa na mabadiliko hayo wanahitaji mahali pa kulala, na Serikali haina tena nyumba za kumpa kila mtumishi kama zamani. Nyingi iliwauzia watumishi wenyewe kuanzia mwaka 2002. Kwa hiyo haja ya vyumba ni ya kweli. Kutokana na haja hiyo ya kweli zimezuka ndoto za uongo.

Ndoto ya kwanza ni ya fedha. Katika nchi zenye benki za nyumba zilizokomaa, mtu hukopa kwa miaka ishirini au thelathini, na nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Kwetu, Benki ya Nyumba iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ilifika mwisho wake mwaka 1995 ikiwa imelemewa na madeni yasiyolipwa. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu. Hata hivyo mikopo ya aina hiyo bado haijafika asilimia moja ya pato la Taifa, na huwafikia zaidi watu wa miji mikubwa wenye hati mkononi. Mwalimu wa Lagangabilili au Mwanhuzi hanao. Alichonacho ni mkopo wa mshahara, unaokatwa kabla fedha hazijamfikia, na unaokwisha katika miaka michache.

Mkopo wa mshahara ni chombo kizuri kwa kazi yake. Tatizo linakuja pale unapofanywa chombo cha kujengea majumba. Tufanye hesabu, maana walimu hatuna sababu ya kuiogopa. Tuseme mwalimu anakopa shilingi 15,000,000 kwa miaka sita, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua. Atakatwa takriban shilingi 325,000 kila mwezi, na mpaka amalize atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 23,400,000. Tumfanyie hisani ya kudhani kwamba fedha hizo zimetosha kujenga vyumba vitano hadi mlango wa mwisho, jambo ambalo kila fundi atalicheka. Tuseme tena kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 50,000 na hakuna hata kimoja kinachokaa kitupu. Mapato ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Kila mwezi, kwa miaka sita, mwalimu huyu anatoa shilingi 75,000 kutoka katika sahani ya watoto wake ili nyumba yake "ya biashara" iendelee kuwapo. Na hapo hatujahesabu kodi, rangi, kufuli, choo kilichojaa, wala mpangaji aliyeondoka usiku na funguo.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa yakienda sawa. Yakienda kombo, ambavyo ndivyo kawaida, fedha huishia kwenye linta. Sasa mwalimu hana pango la kupokea hata shilingi moja, na mshahara wake umebaki theluthi ile ambayo kanuni za utumishi zinataka isiguswe. Akitaka kuezeka, benki haimpi tena. Huenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao wananchi wenyewe wamewaita kausha damu, akaacha kadi yake ya benki mikononi mwao kama rehani. Mwalimu aliyeacha kadi yake kwa mkopeshaji huja darasani na mwili tu. Ni nani basi anayelipa riba? Ni mtoto wa mkulima aliyeketi dawati la mbele.

Tulinganishe na mwenzake mwenye nyumba ndogo anayoishi, imekwisha, ina bati na mlango. Huyu anakopa 6,000,000 kwa miaka mitatu, kwa riba ile ile, akaongeza vyumba viwili uani. Anakatwa kiasi cha 211,000 kwa mwezi na kulipa jumla ya shilingi 7,600,000 hivi. Vyumba viwili kwa 50,000 kila kimoja humletea 1,200,000 kwa mwaka. Itamchukua miaka sita na zaidi kuirudisha fedha yake. Hata huyu hatatajirika haraka, na yeyote anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Lakini mwaka wa nne hana deni, vyumba vinalaza watu, na kama akihamishwa kwenda Maswa anacho cha kumwachia mtu amwangalizie. Kanuni anayopaswa kuishika anayeanza ni hiyo: makato ya mkopo yawezekane kulipwa na mshahara hata kama vyumba vyote viko vitupu, na nyumba ya pili isianzwe mpaka ya kwanza imelaza mtu.

Ndoto ya pili ni ya kiwanja. Siku hizi kuna washauri wengi wanaopita maofisini wakihubiri kwamba ardhi haishuki bei, kwa hiyo nunua sasa, nunua vingi, utauliza baadaye. Wengi wao wana viwanja vya kuuza. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinasema wazi kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, iwe miaka 33, 66 au 99, pamoja na kilichojengwa juu yake. Kama muuzaji hana haki hiyo hana cha kuuza, hata mashahidi wakiwa ishirini na soda zikanywewa.

Basi mnunuzi auulize umma, asimwulize dalali peke yake. Kama eneo limepimwa, aende ofisi ya ardhi akafanyiwe upekuzi, ajue jina lililoandikwa katika daftari na kama kuna rehani juu yake. Afike kiwanjani na mpima, azione bikoni kwa macho yake. Zipo bikoni zinazotembea usiku. Kama ni pembezoni, ambako mji unameza mashamba ya pamba na mtama, aulize kwanza kama pale bado ni ardhi ya kijiji, maana huko halmashauri ya kijiji ina neno, na karatasi iliyosainiwa na mtoto mmoja wa mzee mwenye shamba haitoshi. Aulize vilevile kama mpango wa mji umepitisha barabara katikati ya jiko analotarajia kulijenga.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa ndipo watumishi wanapowaumiza wananchi pasipo kujua, na pengine wakijua. Nyumba nyingi za zamani zinazouzwa kwa bei ya kuvutia mjini ni nyumba za marehemu. Baba amefariki, watoto wa mke mkubwa wanataka fedha, mjane wa mke mdogo yumo ndani na watoto watatu. Kaka mkubwa anamfuata mtumishi mwenye mkopo mpya na kumwambia wauziane upesi. Mtumishi anajua kusoma. Anajua kwamba mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwamba Mahakama ya Mwanzo haiko mbali. Anajua pia, au angepaswa kujua, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe, na mke vivyo hivyo kwa mumewe. Anayajua yote, na bei nafuu inamfumba macho. Anaponunua, anapeleka kesi nyumbani kwake kwa miaka kumi, na anamtoa mjane nje. Heri kabaila wa zamani, ambaye angalau hakujifanya mtumishi wa umma.

Liko jambo jingine ambalo mzee yeyote wa Kisukuma angemweleza mnunuzi bure. Wazee wetu walizitenga ardhi kwa majina. Luseni, ile ya kichanga ya miinuko, ndiko walikojenga nyumba na kulima mihogo. Mbuga, ile nyeusi ya bondeni, waliiachia malisho na mpunga. Hawakuwa wamesoma uhandisi, lakini waliona kwamba udongo wa mbuga huvimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi hata mguu wa ndama ukazama. Viwanja vya bei rahisi vilivyotapakaa leo pembezoni mwa mji, vingi viko mbugani. Msingi wa kawaida ukiwekwa pale, ukuta hupasuka kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye linta kabla ya mwaka wa pili. Anayetaka kujenga huko atachimba kwenda chini zaidi, atatoa udongo ule na kujaza changarawe, atafunga nondo. Na akimaliza kuhesabu ataona kwamba kiwanja cha luseni kilichoonekana ghali kilikuwa rahisi.

Kuhusu maji sitasema mengi. Muuzaji wa kiwanja siku zote husema maji yanakuja, na kweli upo mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za mkoa huu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliupitishia fedha mwaka 2017. Lakini mpangaji hulipia bomba linalotoa maji leo. Mnunuzi apige hesabu kwa kisima na tangi la maji ya mvua, bomba likija litakuwa faida.

Tufike sasa kwenye kazi inayopendwa kuliko zote, ile ya kugeuza nyumba. Mtumishi ananunua nyumba ya familia yenye sebule, vyumba vitatu, jiko na choo cha nje. Kazi yenyewe ni ya akili kabisa: kuta zipo, bati lipo, na fedha inaanza kuingia mapema kuliko ile ya kujenga upya. Kama kuna ushauri mmoja ambao ningempa anayeanza, ni huo: anunue nyumba kongwe iliyo imara yenye karatasi safi, aikarabati, aachane na msingi mpya. Lakini tazama inavyofanywa! Sebule inagawanywa kwa mbao nyembamba kuwa vyumba viwili, kimoja kikabaki bila dirisha. Jiko linakuwa chumba. Stoo inakuwa chumba. Ukuta unaobeba paa unatobolewa mlango, na fundi haweki linta juu yake kwa sababu mwenye nyumba amesema saruji imekwisha. Nyumba iliyolaza watu sita sasa inalaza kumi na wanane, na shimo la choo ni lile lile alilolichimba marehemu kwa ajili ya watoto wake.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliukumba mkoa huu wa Simiyu. Hatuhitaji kumnyooshea kidole mtu. Inatosha kujiuliza, sisi tulio na vyumba vya kupangisha, choo chetu kiko hatua ngapi kutoka kwenye kisima, na ni lini kilitapishwa. Chumba kisicho na dirisha kikiwa na mtu mmoja anayekohoa kinawagawia wote kikohozi hicho. Bwana afya anayajua haya, kwa kuwa ndiyo kazi yake; na kama yeye naye ana vyumba vya namna hiyo nyuma ya nyumba yake, ataingiaje kwenye ua wa jirani na daftari lake?

Kugeuza nyumba kwa haki kuna utaratibu wake. Kibali cha halmashauri kinatakiwa kabla ya kubomoa na kuongeza, wala si kwa jengo jipya tu. Hati ikisema makazi, na mwenyewe anataka kuifanya nyumba ya wageni, sheria ya mipango miji ya mwaka 2007 inamtaka aombe kubadili matumizi kwanza. Kila chumba kipate dirisha linalofunguka nje. Choo kihesabiwe kwa idadi ya watu watakaokitumia. Mita za umeme zitenganishwe pale inapowezekana, maana mita moja kwa wapangaji sita ni ugomvi wa kila wiki: huyu ana jokofu, yule ana taa moja, na wote wanachangia sawa. Gharama hizi ziingizwe katika hesabu kabla ya kununua. Asiyeweza kuzibeba hawezi kuigeuza nyumba ile, na aiache.

Baada ya yote hayo anakuja mpangaji. Huyu ni nani? Mara nyingi ni mtumishi mwenzetu: mwalimu wa ajira mpya aliyepangiwa kutoka Kagera au Lindi, muuguzi wa kwanza kazini, karani. Amefika stendi na begi na barua ya kuripoti. Mshahara wake wa kwanza utachelewa. Dalali anataka ujira wa mwezi mmoja kwa kumwonyesha mlango, na mwenye nyumba, ambaye naye ni mwalimu, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Kijana huyu anaanza utumishi wake kwa kukopa ili amlipe mwalimu mwenzake! Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini, atasema ana marejesho ya benki. Hapo ndipo mduara unapofungwa: kwa kuwa yeye alikopa bila hesabu, sharti mwingine naye akope. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, mpangaji wa kawaida amebaki na ulinzi wa mkataba wake peke yake, na wengi hawana hata mkataba wa maandishi. Mtumishi anayepangisha bila mkataba, ilhali ofisini hawezi kutoa hata rimu ya karatasi bila saini, anajua analolifanya.

Na kodi za Serikali je? Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU tangu mwaka 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni wenye nyumba wangapi wanaowarudishia wapangaji makato hayo au kuyapunguza kwenye pango? Vivyo hivyo kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango ni sehemu ya kodi ya mapato ya mwenye nyumba, na kumwambia mpangaji aiongeze juu ya kodi ya chumba ni kumlipisha deni la mtu mwingine. Mshahara wa mwalimu unatoka katika kodi. Dawa za zahanati ya Nyashimo zinatoka katika kodi. Mtumishi anayeificha nyumba yake isionekane anakata tawi alilolikalia.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema: mwandishi anatuonea, mshahara hautoshi, tusipojenga kwa mkopo tutajenga kwa nini? Ni hoja nzito na siibezi. Mshahara hautoshi. Lakini mshahara usiotosha hauongezwi kwa kuukata. Njia zipo, ingawa hazina fahari ya kusimulia. Chama cha akiba na mikopo cha walimu kikiendeshwa vizuri humpa mwanachama mkopo mdogo kwa hatua: mwaka huu kiwanja na hati, mwaka ujao vyumba viwili na bati lake. Watumishi wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza kununua nyumba moja kongwe kwa mkataba ulioandikwa na mwanasheria na majina yote kuingia katika hati, badala ya kila mmoja kuwa na pagale lake. Halmashauri nazo hazina budi kubeba sehemu yao. Kiwanja kilichopimwa kinapokosekana, mtu hununua kisichopimwa, na mji unakua kama nyasi. Tangu mwaka 2020 kila mkoa umekuwa na ofisi yake ya ardhi. Hakuna tena sababu ya hati ya Bariadi kusubiriwa kama barua kutoka ng'ambo.

Wapo ambao makala haya yamewakuta pagale limekwisha simama. Kwao nasema hivi. Usiongeze tofali hata moja kwenye vyumba sita ulivyovianza. Mwite fundi anayeaminika, akague kama ukuta haujapasuka na kama msingi haukulala. Ukipona, chagua vyumba viwili vya upande mmoja, viezeke, vitie milango na madirisha, chimba choo, hamia kimoja na upangishe kingine kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja. Pango ulilokuwa ukimlipa mwenye nyumba wako litanunua bati la chumba cha tatu. Kama ukuta umepasuka, au kama karatasi zako hazisomeki mbele ya afisa ardhi, uza matofali na mchanga, lipa sehemu ya deni, ukairudishe kadi yako ya benki mfukoni. Vuli huanza Oktoba au Novemba, na ukuta usio na bati hauna mvua nyingi uliyobakiza.